Usiiwashe Bado: Kuiamsha Sinthesaiza ya Zamani na Kufuatilia Maradhi Yake

Mtu mmoja aliwahi kuniletea sinthesaiza (kinanda cha umeme kinachounda sauti) ya sauti sita, yaani inayolia noti sita kwa pamoja, aliyoirithi. Alinieleza kwa furaha kwamba alishaijaribu: aliichomeka, taa zikawaka, noti mbili tatu zikalia, halafu ikanyamaza na chumba kikajaa harufu ya kuungua. Nilipoifungua nilikuta transista moja ya kwenye bodi ya umeme imepiga shoti. Laini ya umeme iliyopaswa kutoa volti 15 ilikuwa inatoa 23. Chipu zaidi ya kumi zilikuwa zimekufa, na baadhi yake hazitengenezwi tena. Kipuri kilichoanza kuharibika ni kimojawapo cha vipuri rahisi kabisa ndani ya mashine ile. Vingine vyote viliuawa na dakika moja ya kujaribu.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza kabla ya swichi. Baada ya hapo nitazipitia dalili kwa mpangilio ambao kwa kawaida hujitokeza, kuanzia fyuzi hadi vitelezi vinavyokwaruza. Kama hujawahi kufanya kazi na umeme wa ukutani, sehemu ya umeme mwachie fundi, wewe ubaki na yanayofuata. Upande huo wa mashine unaua hata pale ambapo kila kitu kiko sawa.

Kabla ya kuchomeka

Soma kibao cha nyuma. Mashine zilizouzwa Japani zinataka volti 100, za Marekani takriban 120, na sehemu nyingine nyingi za dunia ni 220 hadi 240. Mashine ya volti 100 ukiichomeka kwenye 230, bahati yako ni fyuzi kukatika haraka kuliko transfoma kuungua. Usikiamini kibao peke yake, maana katika miaka arobaini mtu anaweza kuwa amebadilisha transfoma, au amezungusha kile kiswichi cha kuchagua volti bila kuandika popote. Ukitumia transfoma ya kushusha umeme, iwe na uwezo mara mbili ya wati zilizoandikwa. Transfoma iliyoundwa kwa hezi 60 pekee itapata joto zaidi kwenye hezi 50, kwa hiyo iguse kwa kiganja (kwa nje, plagi ikiwa imechomolewa) baada ya nusu saa ya kwanza.

Kisha fungua kifuniko na uangalie kwa macho na pua. Tafuta kapasita (vipuri vinavyohifadhi chaji) zilizovimba au zilizotoa majimaji chini, waya uliochubuka, risasi iliyolehemiwa na mkono usiokuwa wa kiwandani, fyuzi isiyolingana na iliyoandikwa kwenye bodi, na betri. Betri nitairudia, ila ukiona unga wa kijani au mweupe pembeni yake, usiende mbele kabla hujaishughulikia.

Karibu na swichi ya umeme, katikati ya waya wa moto na nyutro, mashine nyingi zina kapasita ya karatasi ndani ya gamba la rangi ya asali linaloonyesha ndani. Gamba hilo hupasuka nyufa ndogo kama udongo uliokauka, unyevu unaingia, na siku moja kapasita inalipuka kwa moshi mkali unaonata kila mahali. Hicho ni kipuri ninachokibadilisha bila kupima wala kusubiri. Weka kapasita ya filamu ya daraja la X2 (daraja la usalama kwa umeme wa ukutani) yenye thamani ileile.

Plagi ikiwa ya pini mbili na chasisi ni ya chuma, uliza kwanza mwongozo wa ufundi wa mashine hiyo unasemaje kuhusu waya wa ardhi. Ikiwa ya pini tatu, pima kati ya pini ya ardhi na chuma cha chasisi: multimita (kifaa cha kupimia umeme) isome chini ya omu 1. Ikisoma zaidi, rekebisha hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Balbu ya kinga

Chukua balbu ya zamani ya waya wa ndani, wati 40 au 60, uiunge katika mfuatano kwenye waya wa moto unaoingia kwenye mashine. Balbu za LED na za kubana matumizi hazifai kabisa. Balbu ya waya ikiwa baridi ina ukinzani mdogo. Mkondo ukizidi, waya unapata moto na ukinzani unapanda mara nyingi zaidi. Mashine ikiwa nzima, balbu itamulika kidogo wakati kapasita zinajaa, halafu itafifia. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, kuna shoti ndani, na balbu imekula umeme ambao ungechoma transfoma.

Wengine hupenda variaki, yaani transfoma ya kuzungusha inayopandisha volti polepole. Ina kazi yake: kapasita za elektroliti zilizokaa bila umeme miaka mingi hupoteza sehemu ya utando wao wa oksidi, na volti ya taratibu huwapa nafasi ya kuujenga upya. Lakini variaki haizuii mkondo kama balbu, na haikutengi na umeme wa ukutani. Nikilazimika kuchagua kimoja, nachukua balbu.

Kabla ya kuwasha, chomoa viunganishi vyote vinavyotoka kwenye bodi ya umeme kwenda kwenye bodi za sauti. Hatua hii ndiyo ingeiokoa mashine niliyoitaja mwanzo. Bodi ya umeme iwake peke yake kwanza, na makosa yake yaishie hapohapo. Kwa mfano wa sinthesaiza maarufu, Minimoog ina laini za +10 na -10; ARP 2600, Prophet-5, Juno-106 na nyingine nyingi zinatumia +15 na -15, na zenye kompyuta ndani zinaongeza +5. Pima kila laini kwa mkondo mnyofu (DC), kisha geuza multimita kwenye mkondo geu (AC) upime mawimbi yaliyobaki. Milivolti chache ni afya. Makumi ya milivolti yanasema kapasita za kuchuja zimechoka. Laini ya +5 nataka iwe kati ya 4.75 na 5.25. Za 15 zifuate mwongozo wa ufundi, na ikikosekana karatasi hiyo, tofauti ya zaidi ya volti 0.2 inanifanya nisimame.

Baadhi ya saketi hazitulii bila mzigo. Rezista ya omu 100 yenye uwezo wa wati 5, ikiwekwa kati ya laini ya 15 na ardhi, itavuta miliampea 150 na kukuonyesha kama laini inalegea ikifanya kazi. Vipimo vya mwisho vichukuliwe bila balbu, kwa sababu balbu inakula sehemu ya volti na itakudanganya.

Fyuzi inakatika mara tu unapowasha

Usiongeze ukubwa wa fyuzi. Usiweke kipande cha waya. Angalia pia herufi: T ni ya kuchelewa, F ni ya haraka, na mashine yenye transfoma kwa kawaida inataka T, kwani mkondo wa kuanzia ni mkubwa. Fyuzi ya F hukatika bure na kukufanya uwinde ugonjwa ambao haupo.

Fyuzi ikiwa sahihi na bado inakatika, tenga upande wa pili wa transfoma na daraja la dayodi (vipuri vinavyogeuza mkondo geu kuwa mnyofu), uwashe kupitia balbu. Balbu ikiwaka sana, tatizo liko kwenye transfoma, swichi au ile kapasita ya X2. Ikififia, nenda kwenye dayodi: kila moja isome takriban volti 0.5 hadi 0.7 upande mmoja na isipitishe upande wa pili. Inayosoma karibu na sifuri pande zote imekufa. Baada ya dayodi, pima kapasita kubwa za kuchuja.

Kama bodi ya umeme ni nzima na fyuzi inakatika tu unapounganisha bodi za sauti, mshukiwa wangu wa kwanza ni tantali. Hizi ni kapasita ndogo zenye umbo la tone la maji, zilizopandwa kwenye laini za umeme kila bodi. Tabia yake mbaya ni kwamba zikifa hupiga shoti, wakati elektroliti ya kawaida mara nyingi hukauka tu. Umeme ukiwa umezimwa, pima ukinzani kati ya laini na ardhi, chomoa bodi moja baada ya nyingine, na shoti itakapotoweka umeipata bodi husika.

Ndani ya bodi kunaweza kuwa na tantali ishirini, na kung'oa zote kwa kubahatisha kunaharibu njia za shaba. Fanya hivi badala yake: chukua chanzo cha umeme cha mezani, kiweke volti 1 na kizuie mkondo usizidi ampea 0.2, kisha kilishe laini yenye shoti. Weka ncha moja ya multimita kwenye ardhi ya chanzo, na kwa ncha nyingine tembea juu ya laini ukisoma milivolti. Zitapungua kadiri unavyoikaribia shoti. Pale zinapogoma kupungua, mhalifu yuko hapo. Tantali mpya iwe na volti ya juu kuliko ya zamani, na uangalie alama ya chanya mara mbili, kwa maana ikiwekwa kinyume itawaka moto.

Taa zinawaka, sauti hakuna

Anza na yaliyo mepesi: kitelezi cha sauti, jeki ya hedifoni, jeki za kuingiza ishara ambazo ndani yake mna swichi ndogo inayokata njia ikishika kutu. Ingiza plagi na kuitoa mara kumi. Nimeona mashine "zilizokufa" zikifufuka kwa hilo tu.

Kisha rudi kwenye laini za umeme. Laini hasi ikikosekana, taa zitawaka vizuri kabisa kwa kuwa zinatumia chanya, lakini kila opampu (chipu ya kukuza ishara) itaegemea upande mmoja na kunyamaza. Pima mkondo mnyofu kwenye mguu wa kutolea wa opampu za sauti. Zinazosoma volti 13 bila sababu zinakuambia ama laini imekufa ama yenyewe imekufa. Laini zote zikiwa sawa, ifuate sauti kuanzia oskileta inayozalisha mlio, kwenda filta inayouchuja, kwenda kiongeza sauti. Spika ndogo yenye amplifaya, na kapasita ya maikrofaradi 0.1 kwenye ncha ya kuchunguzia, inatosha. Mahali unaposikia kabla na husikii baada, ugonjwa uko katikati.

Mvumo wa chini usiokoma

Sikio la mwanamuziki linasaidia hapa. Kwenye umeme wa hezi 50, kapasita za kuchuja zilizochoka huleta mvumo wa hezi 100, juu kidogo ya sol yenye hezi 98. Mvumo wa hezi 50, oktavu moja chini, mara nyingi unatokana na waya wa ardhi uliokatika ndani au mzunguko wa ardhi kati ya mashine na mixa. Penye umeme wa hezi 60, namba ni 120 na 60.

Kapasita za kuchuja zibadilishe kwa thamani ileile au iliyozidi kidogo, volti isipungue, na ziwe za kuhimili joto la nyuzi 105. Ila sikubaliani na ushauri wa kubadilisha kila kapasita kwenye mashine ya zamani kwa sababu ya umri. Za filamu hazichoki kwa namna hiyo. Bodi za miaka ya 1970 zina shaba iliyoshikiliwa na gundi dhaifu. Kila unapopasha moto unahatarisha kuing'oa. Badilisha iliyopimwa na kushindwa, na za kwenye bodi ya umeme. Zilizobaki ziache zifanye kazi.

Haitulii kwenye sauti

Ipe dakika ishirini hadi thelathini kwanza. Oskileta ya analogi inategemea jozi ya transista zinazogeuza volti kuwa mkondo kwa kipeo, na hesabu hiyo inabadilika na joto kwa takriban asilimia 0.33 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Wabunifu walifidia kwa rezista maalumu inayobadilika kwa kiwango hichohicho, sehemu 3300 kwa milioni, ikigusa transista zile. Rezista hiyo ikiachana na transista zake, au mtu akiwa ameweka ya kawaida badala yake, mashine itatangatanga siku nzima.

Angalia inatangatanga namna gani. Mashine nzima ikipanda na kushuka pamoja, chunguza laini ya umeme. Oskileta moja peke yake ikihama, tazama rezista yake ya joto na trima zake (vipuri vidogo vya kurekebishia kwa bisibisi). Noti za katikati zikiwa sawa na za juu zimepotoka, ni kipimo cha oktavu. Sauti ikiruka ghafla kama iliyoshtuliwa, ni uchafu kwenye poti (kipuri kilicho chini ya kila kizungusho), trima au soketi ya chipu. Katika mfumo wa volti moja kwa oktavu, ambamo kila volti moja hupandisha noti oktavu moja, nusu toni ni milivolti 83.3 tu, kwa hiyo trima yenye kutu inayoongeza milivolti kumi inasikika waziwazi. Korg MS-20 haifuati mfumo huu, inatumia hezi kwa volti. Usiipime kwa hesabu hizi. Na Minimoog za mwanzo zilijulikana kwa kuhamahama hadi bodi ya oskileta ilipobuniwa upya, kwa hiyo mwenye ya mwanzo asitarajie utulivu ambao haikuzaliwa nao.

Usizungushe trima yoyote kabla ya laini za umeme kuwa sahihi. Ukizungusha, utakuwa umeifundisha mashine kuishi na kosa. Na kabla ya kugusa, piga picha mkao wa kila trima.

Sauti moja kati ya sita ni bubu, au inakwaruza

Huu ndio ugonjwa wa Juno-106, iliyotoka mwaka 1984. Kila sauti ina moduli iliyoandikwa 80017A, yenye filta na kiongeza sauti ndani, na moduli hizo zimefunikwa kwa utomvu mweusi unaoharibika na kuvujisha umeme pasipotakiwa. Ili kujua ipi inaumwa, shikilia kitufe cha Key Transpose wakati unawasha. Sasa kila noti unayopiga inakwenda kwenye sauti inayofuata, na kioo kinakuonyesha namba yake.

Mafundi wengi huzing'oa moduli, wakazilowesha kwenye asetoni kwa siku moja au mbili, kisha wakaubandua utomvu kwa kitu laini. Mara nyingi moduli hufufuka. Si kila mara: ukilazimisha utomvu ambao haujalegea, unang'oa na vipuri vidogo vilivyo chini yake. Asetoni inashika moto upesi na inayeyusha plastiki, basi fanyia nje, mbali na mwali, na isikaribie vitufe. Rudisha moduli kwenye soketi, usizilehemu tena moja kwa moja. Zipo pia moduli mpya zinazoundwa siku hizi kuchukua nafasi yake, na kwa mashine inayopanda jukwaani mimi ningeweka hizo na kuhifadhi za asili.

Kwenye mashine nyingine zenye chipu za sauti kwenye soketi, zima umeme, badilishana chipu kati ya sauti nzima na mbovu. Kosa likihama na chipu, umelipata. Likibaki, ni saketi inayoizunguka. Kabla ya hapo chomoa na urudishe kila chipu, kwa sababu miguu yenye madini ya fedha hupata weusi unaozuia umeme. Jua pia unashika nini: Prophet-5 za matoleo mawili ya kwanza zina chipu za SSM, toleo la tatu lina za CEM (familia mbili tofauti za chipu), na haziingiliani. Chipu ya oskileta ya CEM3340 ilianza kutengenezwa tena mwaka 2016, jambo lililookoa mashine nyingi. Vaa mkanda wa kuondoa umeme tuli.

Inasahau sauti zake, au imejaa takataka

Betri. Ndiyo inayotunza kumbukumbu ya sauti ulizozipanga. Korg Polysix ya mwaka 1981 ndiyo mfano wa kusikitisha: kwenye bodi ya KLM-367 kuna betri ya nikeli na kadimiamu inayovuja alkali, na alkali hiyo inakula njia za shaba, miguu ya chipu, hata mashimo ya bodi. Mashine inaweza kupiga vizuri leo huku ikiliwa. Kama unayo na hujui betri yake ikoje, ifungue wiki hii.

Iondoe betri, safisha kwa siki kidogo ili kuiua alkali, suuza kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, malizia na alkoholi ya aisopropili, acha ikauke siku nzima. Kisha pima mwendelezo wa kila njia iliyopita hapo, hata inayoonekana nzima. Ukiweka betri ya lithiamu mahali pa ya kuchajiwa, lazima uongeze dayodi izuiayo chaji kuingia, la sivyo betri inaweza kupasuka. Iweke kwenye kishikizo, usiilehemu yenyewe.

Kama sauti bado zimo, zihifadhi kabla ya kutoa betri. Polysix, Juno-60, Juno-106, Jupiter-8 na Prophet-5 za matoleo ya baadaye zina jeki ya kaseti, na kompyuta inaweza kurekodi milio hiyo. Rekodi bila kuibana faili. MP3 inaharibu data.

Vitufe, vitelezi na spongi

Noti isiyolia au inayolia mara mbili ni uchafu kwenye miguso. Ya mpira na kaboni ifute kwa alkoholi kidogo na pamba ya sikio, bila kusugua. Ya waya na fimbo ifute vivyo hivyo, usiikwangue kwa msasa, utautoa utando wa madini. Vitelezi vinavyokwaruza vinataka kisafishio cha miguso kisha mafuta maalumu ya vitelezi. Mafuta ya kupulizia kutu ya karakana hapana: yanaiondoa grisi na kukusanya vumbi.

Spongi ya zamani chini ya vitufe hugeuka uji mweusi unaonata na kuziba miguso. Itoe yote, hata ambayo bado inashikika.

Inapokuwa imepona

Iwashe nusu saa kila mwezi au miezi miwili, uzungushe kila poti. Unyevu wa hewa kati ya asilimia 40 na 60 unaifaa; dari na chini ya ngazi haviifai. Ifunike kwa kitambaa, maana plastiki inafungia unyevu. Vipuri vya asili ulivyovitoa viweke kwenye mfuko wenye lebo.

Ndani ya kila mashine ninayoifunga naacha karatasi, mbali na transfoma: tarehe, volti ya kila laini, milivolti za mawimbi, aina na tarehe ya betri, kila nilichobadilisha, na trima zipi niligusa. Laini ya 15 iliyosoma 15.02 mwaka jana na 15.31 leo imeshaniambia nifungue bodi ya umeme kabla sijaisikia kasoro yoyote.